Mwenye Ploti Akutwe Nyumbani

Nilipomsomea mama barua ya kaunti, aliniuliza swali moja tu: hao watu watakaotembea kwenye hiyo njia, watakuwa wanaenda wapi? Nikamwambia hawaendi popote. Ni njia ya kupunga hewa kando ya mto, watu watembee, wakimbie, wakichoka wakae kwenye viti vya saruji. Mama alizaliwa Biliqo, na tangu utotoni amefuata ng'ombe kwa miguu. Alicheka hadi akashika mbavu. "Basi watembee kwao," akasema.

Ploti yetu iko mtaa wa Bulla Pesa, hapa mjini, na nyuma inagusa ukingo wa mto. Haina hati, ina barua ya kugawiwa, ambayo mama huitunza kwenye mfuko wa nailoni. Njia hiyo ingemeza jiko, zizi la mbuzi na chumba anacholala. Waliokuja kupima walipaka alama nyekundu ukutani wakaondoka. Barua ilisema kwanza watahesabu wenye ploti, ndipo wafikirie fidia. Sharti lilikuwa moja: mwenyewe akutwe nyumbani na kitambulisho chake. Asipokutwa anaandikwa hayupo, na asiyekuwepo hana madai. Siku ya kuja hawakuitaja.

Wiki hiyohiyo, binti wa mama mkubwa alinipigia simu kutoka Biliqo. Mama mkubwa ndiye dada pekee aliyembakia mama.

"Hali si nzuri," alisema. "Anamuulizia mdogo wake kila saa. Mlete."

Mama alifunga mzigo usiku uleule: sukari, majani ya chai na leso mpya. Lori la Merti, linalopitia Biliqo, lilikuwa linaondoka asubuhi. Mimi ndiye niliyemzuia. Mimi ni mwalimu, najua kusoma barua za ofisi, na anayejua karatasi ana kiburi chake. "Mama, ngoja wahesabu kwanza," nikamwambia. "Ni siku mbili tatu. Mama mkubwa ana nguvu, atakusubiri." Asubuhi nilikwenda ofisini kuuliza kama ningeweza kukaa mimi badala yake. Karani hakuinua hata macho. "Kwani wewe ndio mwenye ploti?"

Siku mbili tatu zikawa wiki tatu. Ngojangoja huumiza matumbo, na yetu yaliumia. Mama aliacha kwenda sokoni. Akaacha hata kumjulia hali jirani mgonjwa, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikaa mlangoni, kitambulisho kimefungwa kwenye pindo la leso, na kila pikipiki ilipopunguza mwendo alisimama. Mbuzi wetu walitoka asubuhi na kurudi jioni, walituzidi uhuru. Nikirudi kutoka shule nilimkuta palepale, nami nilichukia ile rangi nyekundu, nikachukia mto, na zaidi ya vyote nikaichukia sauti yangu ikisema labda kesho. Jioni alizungumza na dada yake kwa simu, Kiborana cha polepole, kama anayebembeleza mtoto. Mtandao ulikatika mara kwa mara. Aliendelea kuongea kidogo kabla ya kugundua.

Mama mkubwa alifariki Alhamisi adhuhuri. Kwetu maiti hacheleweshwi; kabla ya magharibi alikuwa ameshazikwa, na lori la siku hiyo lilikuwa limekwenda zamani. Matanga tukayakalia hapahapa Bulla Pesa. Majirani walileta turubai, mikeka na birika za chai.

Siku ya pili ya matanga, wakaja. Walikuwa mwanamume na mwanamke mwenye faili.

"Salaam aleikum. Mwenye ploti yuko?"

Mama aliinuka mkekani, akafungua pindo la leso. Mwanamke akanakili namba, akapiga picha ya ukuta, akatia alama kwenye orodha. Chai kwenye vikombe ilikuwa bado ya moto. Alikuwa mpole, hilo siwezi kumnyima. "Tumemalizana na wewe, mama," alisema. "Saa hii hata ukitaka kusafiri, safiri tu."

Mama alinigeukia mimi, mbele ya wanawake wote.

"Umesikia?" aliniuliza. "Sasa naweza kwenda kumwona dada yangu."