Sinki Mbili za Karavani

Nimeishi katika miji mingi kiasi kwamba mtu akiniuliza kwetu ni wapi, huwa nasita. Tabora, Kigoma, Mbeya, Tanga. Kote nimepanga chumba, nimezoeana na majirani, kisha nikaondoka. Lakini popote nilipo, nikinawa mikono na maji yakachelewa kushuka, najiona niko Mwanza, ufukweni, nimelala chali chini ya karavani, na juu yangu mama mmoja anauliza, "Fundi, umeona nini?"

Ilikuwa miaka ya tisini, kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Maduka niliyoyajua yakiwa na rafu tupu nilipokuwa mtoto Magu yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ilitandazwa hadi barabarani, viwanda vya minofu ya sangara vilichipuka kando ya ziwa. Wageni walikuja na mashine ambazo hatukuwa na majina yake, na wakimaliza kazi walizipiga mnada. Katika mnada mmoja, mfanyabiashara wa mjini, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza na aliyekijua Kisukuma kuliko mimi, alinunua karavani la watengeneza barabara: nyumba ndogo nyeupe ya bati juu ya magurudumu, ndani ina jiko, kabati na sinki mbili. Alitaka iwe hoteli ya chai na samaki kwa abiria wa meli ya Nansio.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuchaguliwa kuendelea. Nilikuwa nimefanya kibarua miezi michache katika kambi ya wale wageni, kazi yangu kubeba vyuma. Lakini niliposikia yule mzee anauliza ni nani anayeyajua makaravani, nilijibu haraka, "Mimi." Kuanzia siku hiyo nikaitwa fundi. Jina lile lilinikaa vizuri kuliko shati lolote nililowahi kuvaa.

Tulilivuta kwa trekta hadi ufukweni, nikalipandisha kwa jeki, nikalikalisha juu ya mawe. Mawe Mwanza hayatafutwi. Hapo nikafanya jambo lililonipa majivuno makubwa. Kwetu, nyumba ikisakafiwa, sakafu hulazwa kidogo kuelekea mlangoni, ili anayepiga deki asihangaike, maji yatoke yenyewe. Nilimwona baba akifanya hivyo katika nyumba zote mbili alizojenga. Basi upande wa nyuma wa karavani nikaweka mawe manene, upande wa mlango membamba. Kwa macho usingejua. Ila ukimwaga maji ndani, yalikuja mlangoni kama yameitwa.

Mzee aliajiri mpishi kutoka Ukerewe, mjane, rika la mama yangu, aliyekuwa akilea wajukuu wawili walioachwa Nansio kwa shangazi yao. Siku ya kwanza alipopiga deki alisimama mlangoni na tambara mkononi, akacheka.

"Nani kaiweka sakafu hivi?"

"Mimi, mama."

"Basi wewe umelelewa. Mafundi wengine wanajenga kama vile hawajawahi kuona mtu akiosha nyumba."

Akanimiminia chai, akaniwekea chapati. Nilitembea siku nzima nimeinua kichwa.

Sinki zote mbili zilikuwa upande wa mlango, chini ya dirisha la kuuzia. Moja ilikuwa ya vyombo, nyingine ya wateja kunawa. Mabomba yake yalipita chini ya sakafu hadi upande wa nyuma, na huko nilikuwa nimechimba shimo la maji machafu. Tangu mwanzo maji yalishuka polepole. Baada ya wiki chache yakawa yanakaa. Mteja mmoja aliyekuwa akiwahi meli alitazama magamba yanayoelea sinkini, akapaza sauti, "Mama, hapa tunanawa au tunavua?" Foleni nzima ikacheka. Mama naye akacheka, lakini baadaye akanitafuta.

Nilikuja na spana na waya. Nikafungua ile kona ya bomba inayobaki na maji ili harufu isipande, nikachokoa, nikamimina kostiki soda. Ikatoka ute kidogo, maji yakaenda. Nikajipangusa mikono kama daktari.

"Ni mafuta ya sangara, mama. Yanaganda humu ndani."

"Mafuta nafuta kwanza kwa karatasi, fundi. Njoo uone ndoo yangu ya makombo."

"Bomba halidanganyi, mama."

Nilisema hivyo, tena kwa kicheko, mbele ya wateja. Siku nne hazikufika, maji yakasimama tena. Nikarudi, nikachokoa, nikasema tena mafuta. Mara ya tatu nilimkuta anachuja maji ya vyombo kwa kitambaa kabla ya kuyamwaga sinkini, na yale mazito anayabeba kwa ndoo hadi shimoni, mwendo wa kuzunguka karavani zima, mara ishirini kwa siku. Sikuuliza kitu. Niliona ni dalili kwamba maneno yangu yamemwingia.

Mvua zilipoanza, bwana afya akapita kukagua hoteli zote za ufukweni. Aliingiza kidole kwenye maji yaliyolala sinkini, akakipangusa, akatoa wiki moja. Sinki zisiposhuka, anafunga hoteli. Mzee akatuita wote wawili.

"Kama karavani ni bovu, nitalitengeneza," alisema. "Kama ni mikono inayolitumia, nitabadilisha mikono. Fundi, kesho uniambie."

Mama alisema tu, "Sawa, mzee." Nilijua anawawaza wajukuu. Kila Jumamosi alikuwa akiwapelekea kitu kwa meli.

Kesho yake nikalala chali chini ya karavani, nikafungua bomba lote, urefu wake wote. Nilitegemea uchafu. Hapakuwa na uchafu. Maji yalinimwagikia kifuani, karibu safi, yalikuwa yamelala bombani hayana pa kwenda. Nikageuza shingo nikalitazama bomba kutoka sinkini hadi shimoni, na nikaona linapanda. Mwisho wake ulikuwa juu kuliko mwanzo, kama upana wa kiganja. Mimi ndiye niliyelipandisha. Sakafu niliyoilaza kuelekea mlangoni ndiyo hiyo iliyoinua mabomba kwa nyuma.

Juu yangu mama akauliza, "Fundi, umeona nini?"

Kabla sijajibu nikaona viatu vya mzee vinakuja. Nikatoka, mgongo umejaa mchanga. Mzee alikuwa na furaha siku hiyo.

"Nimepata makaravani mengine mawili, fundi. Nataka utoke hapa ukayaweke. Haya, niambie. Karavani au mtu?"

Nikajipangusa mchanga. Akaongeza, sauti ya chini, "Sema ukweli. Usimwonee mama wa watu. Mimi bomba silijui, wewe ndiye unayejua."

Angenikaripia, labda ningesema. Alinitegemea, na jina la fundi lilikuwa mdomoni mwake kama jina langu halisi. Nikatazama chini.

"Karavani halina tatizo, mzee. Ni matumizi."

Matumizi. Nilichagua neno la kiofisi ili nisitamke jina la mtu. Mama alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake, nayo hasira ningeipokea. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

"Mimi?" aliuliza. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akanawa mikono kwenye ile sinki, maji yakabaki pale pale yamesimama. Mchana aliondoka na meli.

Asubuhi iliyofuata nilifika mapema na jeki, peke yangu. Nikauinua upande wa mlango, nikasukumia mawe bapa, nikashusha. Nikajaza sinki zote mbili, nikaziachia. Maji yalikoroma mara moja yakaisha. Bwana afya alipokuja alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mpishi mpya, msichana wa Butimba, alilalamika kwamba akipiga deki maji yanakimbilia nyuma ya jiko, lakini mzee alimwambia, "Sinki zinashuka, unataka nini tena? Tuna fundi." Nilisimama pale nikasikiliza hayo yote.

Baada ya wiki tatu nilipanda meli kwenda Nansio. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote: sakafu, mawe, bomba, na kwamba nitamwambia mzee mwenyewe. Sikuwa na shida kumpata. Alikuwa ameweka meza ndogo kando ya soko, anauza machungwa na maandazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Jamani, fundi wangu. Umenifuata hadi kisiwani?" Akanisogezea kigoda, akanimenyea chungwa. Akaniuliza habari za ufukweni, za mzee, za yule mteja mwenye maneno mengi. Halafu akauliza, bila kunitazama, "Na zile sinki?"

Hapo ndipo iliponipasa kuanza.

"Zinashuka, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka."

Akageuza kisu mkononi. "Kumbe kweli ni mimi. Nami nilikuwa nabisha, nakuonyesha ndoo, nakuaibisha kwenye kazi yako mbele za watu. Hata hapa nyumbani siku hizi nasugua sufuria mara mbili. Mtu unaweza kuwa mchafu maisha yako yote usijue." Akanishika mkono kwa vidole vilivyolowa maji ya chungwa. "Unisamehe, mwanangu."

Maneno yangu yote yalikuwepo, kwa mpangilio. Mdomo ulikuwa umejaa chungwa. Nikameza.

"Nimekusamehe, mama," nikasema.

Alifurahi. Uso wote ulifunguka. Akachagua chungwa jingine, kubwa kuliko la kwanza, akaanza kunimenyea.