Picha ya Zamani ya Kasyoka

Mama mkwe wangu Kasyoka, msusi wa viondo huko Kalamba, alipasuliwa kichwa Nairobi mwaka wa 1992, wakamtoa uvimbe kwenye ubongo, kisha wakampiga picha ya kichwa, tukaenda nayo nyumbani. Baada ya miezi sita tulirudi apigwe picha tena. Wiki hiyo yote alisuka kiondo kimoja na kukifumua. Mimi nilimtazama vidole tu, kwa sababu ugonjwa ulianzia hapo, nyuzi zikimponyoka.

Daktari aliinua picha mpya kwenye mwanga. "Kuna doa hapa. Ni kovu la upasuaji, ama uvimbe unarudi. Nipeni ile ya zamani nilinganishe."

Mama alikuwa amekataa nimbebee mzigo. Akafungua leso, akatoa picha ya studio ya Machakos, yeye na baba mkwe siku ya harusi.

"Hakuna ya zamani kushinda hii," alisema. "Kichwa kilikuwa kizima."

"Ulikuwa mrembo, mama," daktari akacheka, "lakini hii haionyeshi ndani."

Mimi sikucheka. Ile ya hospitali ilikuwa Kalamba, chini ya godoro lake.

Nilimwacha kwa dada yake hapo Nairobi, nikaenda kuileta, mtoto wangu mgongoni. Kesho yake daktari aliweka hizo mbili sambamba. Mtoto alilia, nikashindwa hata kumbembeleza.

"Doa ni lile lile, halijakua. Ni kovu. Rudini baada ya miezi sita."

Sasa picha zote ziko chini ya godoro langu. Na bado namtazama vidole.