Nilifundisha Komasi kwa Joho la Binti Yangu

Nilikosa mimi. Msimtafute shetani, siku ile hakuwepo. Sebuleni kwangu Mbwawa tulikuwa wawili tu, mimi na rafiki yangu Pazi, na sahani ya mihogo ya kukaanga katikati. Pazi akaniomba nimfundishe mjukuu wake Komasi, lile somo la biashara la sekondari. Nilitakiwa kusema siwezi. Nikamwambia, "Mlete."

Jamani, mimi nimeishia kidato cha nne! Tena Komasi yenyewe sikuisoma, nilisoma Kilimo. Mpaka nastaafu kazi yangu ilikuwa ukarani wa stoo.

Sasa Pazi alipata wapi wazo kwamba mimi ni mwalimu? Ukutani. Binti yangu Tausi alipohitimu digrii ya biashara, siku ya sherehe walinivalisha joho lake na kofia, kama mzazi yeyote anavyovalishwa, nikapigwa picha peke yangu. Nilitoka vizuri, sitanii. Tausi mwenyewe alitoka amekodoa macho kama kuku aliyeona mwewe. Basi ya kwake ikawekwa kabatini, ya kwangu ikapanda ukutani.

Pazi ni mtu wa Kisarawe, na shamba lake la mihogo limepakana na langu. Miaka yote tulikuwa tunakutana huko shambani, kila mtu na jembe lake. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza anaingia kwangu. Akaisogelea picha mpaka pua ikagusa kioo.

"Mzee mwenzangu! Kumbe una digrii, na unalima na sisi kimya kimya?"

Hapo ningecheka tu, yakaisha. Lakini aliniangalia kwa heshima ambayo sijawahi kuangaliwa nayo, hata na marehemu mke wangu, Mungu amrehemu.

"Elimu haipigiwi ngoma, Pazi."

"Digrii ya nini?"

"Ya biashara." Na joho lilikuwa la biashara kweli!

Akashika kichwa. Akanieleza kwamba Zaituni, mjukuu wake, ana D tatu za kidato cha nne, na chuo cha uhasibu anachokitaka kinadai nne. Anakosa moja tu. Anarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, ila mwalimu wa tuisheni hapatikani. Wamezunguka Kisarawe nzima. Mmoja chumba chake kimejaa watoto mpaka dirishani, mwingine hapokei simu, na yule mzuri kabisa alifundisha wiki moja akapata ajira, akahama.

"Na wewe upo hapa hapa, shehe!"

Nipo hapa hapa, ndiyo. Na aibu yangu ni kwamba digrii ile niliyojivika mbele ya Pazi, humu ndani niliitukana kila siku. Tausi alizunguka na vyeti miaka miwili asipate kazi, akaamua kufuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Kila akipita na ndoo ya pumba namwuliza, "Hilo nalo mlifundishwa mwaka wa ngapi?" Najiona mchekeshaji!

Zaituni akaja mwezi wa saba, akalala chumba kimoja na Tausi. Binti mpole. Amekuja na daftari jipya, anaandika kila neno ninalosema. Kila neno! Hicho ndicho kilichotumaliza.

"Babu, kazi za ghala ni zipi?"

Swali la ghala unaniuliza mimi? Mimi niliyezeekea stoo? Nikakaa sawa kwenye kiti.

"Andika. Kwanza, kuzuia panya. Pili, kumzuia mlinzi, ambaye ni mbaya kuliko panya. Tatu, kumpa karani mahali pa kulala mchana."

Akaandika. Akapiga mstari chini kwa rula.

"Na kwa Kiingereza, babu? Mtihani ni wa Kiingereza."

"Biashara ni akili, mjukuu wangu. Hicho Kiingereza utakikuta hukohuko."

Masomo yakaenda hivyo wiki baada ya wiki. Nilipokosa jibu nilitoa kisa cha stoo. Mtoto anacheka, mimi nanenepa kwa sifa. Pazi akipiga simu kuuliza maendeleo, najibu, "Anapanda vizuri."

Siku moja Tausi akaniita bandani kwa kuku.

"Baba, unamfundisha nini mtoto wa watu?"

"Komasi."

"Ile siyo Komasi, Baba. Yale ni maneno ya kijiweni. Niachie mimi. Nikimaliza kulisha kuku asubuhi nakaa naye mpaka saa sita."

"Halafu babu yake akiuliza?"

"Mwambie nakusaidia. Hiyo picha yako sitaisema kwa mtu."

Mnaona? Binti alinifungulia mlango, akanisafishia na njia! Ningepita tu. Badala yake nikamjibu, "Digrii yenyewe imekufikisha kwenye kinyesi cha kuku, ndiyo unataka umwambukize na mwenzio?"

Tausi akaokota mayai yake, akaingia ndani. Hakulitaja tena jambo hilo, na mimi nikaona nimeshinda. Mjinga mkubwa!

Mtihani ukafanyika Novemba. Januari matokeo yakatoka. Komasi, F.

Pazi hakunishuku. Alichukua lile daftari, akaenda na Zaituni kwa mwalimu mmoja Kisarawe ili waonyeshwe mtoto amekwama wapi. Mwalimu akafungua ukurasa wa ghala. Akacheka. Akawaita wenzake nao waje wasome. Watu wazima wakashika mbavu juu ya mwandiko wa binti, na binti mwenyewe amesimama pale pale. Na kwenye mtihani alikuwa ameyaandika yale yale, panya na mlinzi, kwa Kiingereza cha kuunga.

Nilimkuta Pazi shambani kwake, anapalilia. Hakusimamisha jembe.

"Joho lile ni la nani?"

"La Tausi."

"Na Tausi alikuwa humo humo ndani, mtoto anasoma?"

"Alikuwemo."

"Hakujitolea?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilichoka. "Alijitolea. Nilimkataza."

Ndipo akasimama, akajifuta jasho. "Ungekuwa hujui tu, bwana, ningekutania mpaka tunazikana. Lakini alikuwepo anayejua, ukamziba." Akarudi kwenye palizi yake.

Tausi alimpigia Zaituni simu, akamwambia atamfundisha mwaka huu bure kabisa, hata kama ni kwa kumfuata Kisarawe. Zaituni akamshukuru kwa adabu. Akasema hataki tena kuonekana ameshika daftari. Sasa yuko kwa shangazi yake, anashona nguo. Si kazi mbaya. Siyo aliyoitaka.

Wenzangu, mkitafuta mwalimu wa tuisheni, ulizeni cheti, tena muulize bila aibu, hata kama mwalimu ana mvi kama mimi. Na wewe mzee unayesifiwa kwa usichokijua, kataa mapema, wakati bado ni kichekesho. Kama una mtoto nyumbani ana digrii na anafuga kuku, usimdhihaki. Sisi tunaodhani digrii ya biashara ni karatasi tupu, wengi wetu hatujawahi kuifungua tukaona ndani kuna nini. Mimi nilikuwa nayo chumba cha pili!

Uamuzi wangu wa siku ile umemkosesha Zaituni chuo, na ameacha masomo. Pazi hanisemeshi. Tausi ananiamkia kila asubuhi, ananiwekea chai, lakini hajawahi tena kuniambia jambo lake lolote.