Mtumbwi Ulioitwa wa Maharamia

Sipendi kutembezwa. Mtu akiniambia, "Njoo nikuonyeshe mji wetu na historia yake," mimi huuliza kwanza hiyo historia kaipata wapi. Watu husema nina hasira za bure. Si za bure. Nilizipata Garissa, kando ya mto Tana, mchana kweupe, nikiwa kazini.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya. Kaskazini Mashariki nzima ilikuwa chini ya hali ya hatari, na kila mwanamume wa Kisomali alihesabiwa kuwa shifta mpaka athibitishe kwamba siye. Mimi mwenyewe ni Msomali wa hapo hapo mjini, mtoto wa mwenye duka. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma, nilipata kazi ya ukalimani katika ofisi moja ya serikali. Mkubwa wetu alikuwa mtu wa bara, aliyehamishiwa kwetu bila kupenda. Hakuwa mkatili. Alikuwa amechoshwa na joto na vumbi, na mtu mwenye madaraka akichoka hutafuta mchezo.

Mchezo wake ulikuwa wageni. Walikuja kutoka Nairobi, waandishi wa magazeti na maofisa, wengine na wake zao, waje wajionee kwamba Garissa ni shwari. Nje ya mji hawangeweza kwenda kwa kuogopa kuviziwa, basi aliwatembeza kando ya mto. Askari walitangulia, wengine wakafuata nyuma, yeye katikati na fimbo mkononi akisimulia.

Hadithi yake ilikuwa hivi. Mto Tana unaingia baharini. Baharini zamani palikuwa na maharamia. Kwa hiyo maharamia hao walipanda na mto mpaka Garissa, wakafanya bandari, wakaoa, wakazaa, na uzao wao ndio hawa wanaotusumbua leo. "Wizi kwao ni urithi," alisema, na wageni wakaandika. Kwenye mizizi ya mkuyu mmoja alisema hapo walifunga majahazi. Jahazi gani? Kiangazi kikikaza, mahali pale ngamia huvuka bila kulowa nundu. Lakini uongo ukivaa kofia ya serikali hauulizwi njia.

Kazi yangu ilikuwa kuwapatia wageni ushahidi wa wenyeji. Alimsimamisha mtu yeyote aliyemkuta akinywesha punda, akaniambia, "Muulize, si kweli babu zake walikuwa maharamia?" Nikauliza. Siku moja mtu akanijibu kwa Kisomali, "Na wewe muulize kama amemwona punda wangu mwingine, amepotea tangu jana." Nikasema, "Anasema hajui." Mkubwa akawageukia wageni wake na kutabasamu. "Mnaona? Wanaficha."

Hayo ningeyavumilia. Lililonishinda ni mtumbwi.

Mtumbwi ulikuwa wa mjomba wangu, kaka yake mama. Kwetu mjomba ni abti, naye humwita mpwa wake abti vile vile, kwa hiyo sisi wawili tuliitana jina moja. Ukame ulipommalizia ngamia, alikwenda kwa wakulima wa mtoni, akajifunza kulima na kusukuma mtumbwi kwa upondo. Wafugaji wenzake walimcheka, wakasema ameoa gogo. Hakujali. Shamba lake la mahindi na ndizi lilikuwa ng'ambo, na huko ndiko alikoishi mama yake, yaani bibi yangu, ayeeyo. Yeye alikataa katakata kuhamia mjini akafungiwe ndani ya kijiji cha seng'enge, ambamo serikali iliwakusanya watu.

Kisha ikatoka amri kwamba mitumbwi yote ikamatwe, shifta wasivukie. Abti alikuwa mjini siku hiyo, amekuja kununua chumvi. Aliporudi mtoni akakuta mtumbwi wake umeburutwa hadi kituoni. Darajani palikuwa na kizuizi, na watu wa namna yetu hawakupewa pasi. Ilikuwa masika, mto umejaa, mamba tele. Mama yake, kikongwe mwenye macho mabovu, akabaki ng'ambo peke yake.

Tangu siku hiyo abti alikuja ofisini kila asubuhi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni lakini kilimtosha. "Bwana, mtumbwi ile ni yangu. Mimi nataka kufuka tu, kubeleka chakula kwa mama. Mama iko beke yake." Mkubwa alinitazama mimi, kana kwamba anahitaji tafsiri. "Mwambie aje kesho." Kesho yake alijibiwa hivyo hivyo. Abti akawa anashinda nje ya ofisi, amechuchumaa kivulini, akitazama ng'ambo. Asubuhi tuliona moshi juu ya migomba, tukajua ayeeyo amewasha moto, ana kitu cha kupika. Hilo tu ndilo lililokuwa likitufikia kutoka kwake.

Ukafika wakati moshi ukawa hauonekani.

Asubuhi ya pili bila moshi, wageni wakaja. Tulishuka mtoni kama kawaida, tukapita mkuyu wa majahazi, tukafika mahali papya. Hapo, juu ya magogo mawili, palikuwa na mtumbwi wa abti, umepakwa mafuta unang'aa. Mkubwa akaugonga kwa fimbo. "Huu," alisema, "ni mtumbwi wa maharamia, wa miaka mia na zaidi. Tazameni, tundu la risasi hili hapa, waliziba baada ya mapigano makali."

Tundu lile lilitobolewa na kisiki. Nilikuwepo lilipozibwa kwa kipande cha debe la mafuta ya kupikia, na misumari ilitoka dukani kwa baba yangu. Mwandishi mmoja aliinama, akasoma maandishi ya kiwanda juu ya lile bati, akacheka chini chini. Mkubwa akasema maharamia walikuwa wakiiba hata mafuta. Wote wakacheka, na aliyegundua uongo akacheka kuliko wote. Nilimchukia huyo zaidi ya Mkubwa, maana yeye alijua.

Mama mmoja mwenye kamera akataka picha ya mtumbwi ukiwa majini. Mkubwa akatazama huku na huku, akamwona abti, ambaye alikuwa ametufuata kwa mbali. "Mwambie yule aingie asukume kidogo, wampige picha. Kidogo tu."

Nikamtafsiria. Abti alinikazia macho.

"Amesema niingie?"

"Amesema."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, abti."

Askari waliuteremsha mtumbwi majini. Abti alivua makubadhi, akayaacha ukingoni, akasema Bismillahi, akaingia. Aliusukuma taratibu, uso kwa kamera, kama alivyoagizwa. Kisha akageuza uso akatazama ng'ambo, na mgongo wake ukainama kama wa mtu anayefanya kazi.

"Inatosha," alisema Mkubwa. "Mwambie arudi."

Nilipaza sauti kwa Kisomali, "Abti, msalimie ayeeyo." Sijawahi kutafsiri vizuri kama siku ile.

Askari mmoja akainua bunduki. Yule mama mwenye kamera akauliza, "Hii nayo ni sehemu ya maonyesho?" Mkubwa alitazama bunduki, akatazama kamera, akatazama wageni wake wa Nairobi. Jasho lilimtiririka. "Ndiyo," alisema. "Hivi ndivyo maharamia walivyokuwa wakitoroka." Akashusha mtutu wa askari kwa mkono wake mwenyewe. Wageni wakapiga makofi. Mtu anakwenda kuangalia kama mama yake yu hai, na wao wanapiga makofi. Makofi hayo nayasikia mpaka leo, na bado nataka kumzaba kila aliyeyapiga.

Wageni walipoondoka niliwekwa ndani, nikapigwa, nikaulizwa mjomba wangu ana bunduki ngapi. Nikasema ana upondo. Nikapigwa tena. Walinitoa kwa sababu hawakuwa na mkalimani mwingine, nami nikarudi kazini kwa sababu nyumbani walihitaji kula. Mtumbwi haukuonekana tena.

Habari alituletea mwanamke muuza maziwa aliyekuja kutoka kusini, upande wa Ijara. Abti alimkuta mama yake amelala chini jikoni. Alikuwa amekula mahindi ya mbegu mabichi, kisha akakosa nguvu za kuchota maji. Alimtambua mwanawe kwa sauti. Abti alimlaza ndani ya mtumbwi, wakateremka na mto, akitafuta watu wa kumsaidia. Mama alifia njiani, ndani ya mtumbwi, na abti akamzika ukingoni. Mama yangu alipoyasikia alikaa chini sakafuni, hakulia, akaniuliza kama ninakusudia kwenda kazini kesho. Nilikwenda. Nilijichukia njia nzima.

Haukupita muda wageni wengine wakaja. Tulipofika mahali pale, magogo mawili bado yalikuwepo, matupu. Nilidhani Mkubwa atapita bila kusema neno. Alisimama, akainua fimbo.

"Na hapa," alisema, "haramia mmoja aliiba mtumbwi wa serikali, mchana, mbele ya macho yangu. Mkalimani wangu ni shahidi."

Mgeni mmoja, mzee mnene aliyekuwa akihema kwa joto, akanigeukia. "Aliukimbiza wapi?"

"Kwa mama yake," nikasema. "Mtumbwi ulikuwa wake. Mlimzuilia mpaka mama akafa njaa. Mama huyo ni bibi yangu."

Nilisema kwa Kiswahili safi, hapakuhitajika mkalimani. Yule mzee alifuta jasho la shingoni. Hakuna aliyeandika. Mkubwa akatazama saa yake, akasema jua linapanda na chai iko tayari, wakaendelea na matembezi. Mimi sikuwafuata.