Mzungu Aliyefungua Kufuli ya Mtopanga

Habari ilinikuta nimesimama juu ya mzani. Wanaonisoma kila wiki wanajua kwamba katika yadi yangu ya vyuma vikuukuu kuna mzani mkubwa wa kupimia injini za malori, na kabla ya kazi kuanza huwa naupanda mwenyewe. Si kwa ajili ya afya. Niliingia mji huu nikiwa mwepesi kama gunia tupu, na sasa napenda kuona mshale ukisogea. Ulikuwa unasogea vizuri sana simu ilipolia. Alikuwa mama mmoja auzaye mahamri na mbaazi mbele ya nyumba zangu za kupangisha kule Mtopanga. "Tajiri," akasema, "mzungu wako ametutoka." Nikashuka. Mzani ulisoma nini, sikumbuki.

Nasema mzungu wangu kwa kuwa alikuwa mpangaji wangu, na pale Mtopanga mpangaji huhesabiwa pamoja na mali za mwenye nyumba, kama tangi la maji. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyetoka nchi moja ya baridi ambako alitengeneza lifti mpaka alipostaafu. Wenzake wakija huku hutafuta nyumba zenye bwawa la kuogelea. Yeye alikuja kwangu, akazigonga nondo za veranda kwa ukucha, akatega sikio, akasema, "Chuma kizuri." Nondo zile nilizichomelea mimi mwenyewe, kwa mikono hii, wakati ambapo sikuwa na hata kioo cha kukinga macho. Siku ile alikuwapo pia karani mmoja wa benki, naye anaitaka nyumba hiyo hiyo. Nikamwacha karani amesimama na digrii yake, nikampa mzungu ufunguo. Mimi shule niliiacha darasa la nne, na leo wenye digrii wananisoma gazetini. Lakini mtu anayejua chuma namjua hata akiwa amenipa mgongo.

Uraibu wake ulikuwa mmoja tu. Asubuhi alivaa kofia pana, akaweka visikizi masikioni, akachukua fimbo ndefu yenye sahani mwishoni, akashuka nayo ufukweni kutafuta vyuma vilivyozama mchangani. Sahani ikipita juu ya chuma, fimbo inalia. Naye anapiga magoti, anachimba, anafukia shimo, anaendelea. Sasa msomaji wangu, sisi watu wa Mombasa kifaa kinacholia kikinusa chuma tunakijua sana. Tunakutana nacho mlangoni mwa supamaketi, tunakutana nacho tukienda kupanda feri Likoni, hata kanisani siku za sikukuu. Ukikiona unainua mikono, unafungua mkoba, unageuka, unapita. Basi Jumapili ya kwanza mzungu aliposhuka ufukweni, na pwani imejaa familia za Kisauni nzima, watu walipoiona ile fimbo wakaanza kuinua mikono. Kina mama wakafungua vikapu vya viazi. Mzee mmoja aliyekuwa majini mpaka kiunoni, hana chochote ila kaptula, naye akainua mikono akageuka polepole aonyeshe mgongo. Mzungu alidhani ni salamu ya huku. Akavua visikizi, akainua mikono yake, akageuka mzima mzima kama wao, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Shikamooni!" Shikamoo alimpa kila mtu, maana aliambiwa ni neno la heshima, na hakuona sababu ya kumnyima mtu heshima. Watoto wa mtaani walikuwa wakijipanga langoni kuipokea. "Marahaba, babu," wanamjibu, wamefunga mikono nyuma kama machifu.

Haukupita muda akaja yadini kwangu na mfuko. Akamwaga mezani vizibo vya soda, misumari ya mashua, funguo, bizimu za mikanda, senti za zamani zilizoliwa na chumvi. Nikamfanyia lile ambalo limenipa jina: nikafumba macho, nikawa naangusha kimoja kimoja kwenye sementi na kukitaja kwa mlio wake. Bati. Aluminiamu. Shaba nyekundu. Bati tena. Mzungu akapiga makofi kama mtoto. Nilipovuta mzani mdogo akanishika mkono. "Siuzi," akasema. "Basi unataka nini?" "Nataka kujua kilikuwa nini." Kilikuwa nini! Mimi nilianza maisha jalalani Mwakirunge, nikigombea waya na makorongo, na sijawahi kuuuliza waya ulikuwa nini. Nimeuuliza una kilo ngapi. Nilimhurumia, nakwambia kweli. Mtu anaunguzwa na jua asubuhi nzima kwa ajili ya chuma, halafu anarudi nacho nyumbani! Na huko nyumbani alikuwa akivifunga vitu vyake kwa uzi na kuvining'iniza kwenye nondo zangu, ili mwenye chake akipita akione akichukue. Upepo ukivuma veranda nzima inalia. Hakuna aliyechukua. Kwetu sisi, vitu vilivyotundikwa kwa uzi mlangoni si pambo, na watu wakawa wanapita upande wa pili wa njia.

Ndipo akaokota kufuli. Ilikuwa kubwa, ya shaba ya manjano, kama zile za maduka, imefungwa, na imeviringishwa kitambaa cheusi kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Mtu aliyekulia pwani hii akikutana na kitu kama kile mchangani hubadilisha njia. Yupo anayetaka mume asitoke, yupo anayetaka jirani asipate wateja. Huenda kwa mganga, kufuli ikasomewa, ikafungwa kwa jina la mtu, ikatupwa baharini, na ufunguo ukatupwa mbali nayo. Mimi siyaamini mambo hayo. Nimejenga bila hirizi hata moja. Lakini siyaamini nikiwa mbali kidogo. Mzungu hakujua lolote. Yeye maisha yake yote aliitwa kufungua milango ya lifti iliyokwama na watu ndani, kwa hiyo kitu kilichofungwa, kwake, kilikuwa kama mtu anayeita. Akakiondoa kitambaa, akailoweka kufuli kwenye mafuta ya taa, akakaa nayo verandani anaichokoa kwa waya. Ng'ambo ya njia mama wa mahamri alikuwa akimwangalia huku akigeuza mahamri yake karaini, asubuhi baada ya asubuhi. Hatimaye ikafunguka, kah! Mzungu akasimama, akaiinua juu. "Mama! Imefunguka!" Mahamri ya karai zima yaliungua siku ile.

Mume wa mama huyu ni dereva wa lori la mawe, mtu wa bara aliyefuata kazi hapa akapata na mke. Anajulikana Mtopanga kwa jambo moja: adhana ya magharibi haikuwahi kumkuta nje. Yeye ni Mkristo, lakini hata Waislamu wa mtaa walimtumia kama saa. Wanawake wengine walimtaja kila walipogombana na waume zao. Basi kufuli ilipofunguka, juma lile lile, adhana ya magharibi ikapita na yeye hayuko. Ikapita ya isha. Akaja amechoka, vumbi limekauka usoni, akala anasinzia. Kesho yake vile vile. Kesho kutwa nikapigiwa simu niende kabla nyumba yangu haijavunjwa.

Nilikuta nusu ya mtaa verandani. Mzungu ameketi katikati, magoti pamoja, na vijana wawili wanamwambia afungashe virago. Mama wa mahamri aliponiona akanijia na mwiko mkononi. "Tajiri! Mwambie mzungu wako aifunge kufuli yangu!"

Jirani mmoja akauliza taratibu, "Kufuli ya nani?"

Mama akajiziba mdomo. Kisha akautoa mkono, maana yeye ni wa wale ambao kikimwagika kidogo humwaga chote. "Yangu! Ndiyo, yangu! Nilipotaka kuolewa niliambiwa dereva ana mke kila anaposimama. Nikamfunga! Mmefurahi? Na amekaa! Nani hapa mume wake amekaa kama wangu?" Bibi mmoja aliyesimama nyuma yangu alinong'ona kumuuliza mwenzake huyo mganga anakaa wapi.

Mzungu alikuwa ameelewa nusu. "Mama amepoteza ufunguo?" akaniuliza. "Amepoteza mume," nikamwambia. "Ufunguo aliutupa mwenyewe." Akabadilika rangi.

Na hapo hapo lori likakata kona. Yule bwana akashuka, na kabla hajatia guu chini watu wote wakamsimulia kwa pamoja. Akaitazama kufuli. Akamtazama mkewe.

"Hiyo ni mimi?"

"Ni wewe, mume wangu."

"Miaka yote hii," akasema, "najua narudi mapema kwa sababu ya mbaazi."

Watu waliangua kicheko, na mama akaangua kilio. Ikawa sasa bwana ndiye anayebembeleza. Akaeleza kwamba tajiri wake wa lori amepata kazi ya kujenga ghala Changamwe, mawe yote yanapelekwa huko, na foleni ya matrela ya bandarini mtu anaweza kuota ndevu ndani yake. "Ungeniuliza, mke wangu."

"Mwanamke hamuulizi mumewe alikuwa wapi."

"Ila humtupa baharini!"

Mama hakucheka. Alifuta macho kwa ncha ya leso, akasema sawa, foleni anaijua, lakini kufuli ifungwe. Hakuna ubaya ikifungwa. Watu wote wakamgeukia mzungu. Akaichukua, akaigeuza, akaitazama kwa muda mrefu kama daktari aliye na habari mbaya. "Samahani sana, mama. Springi imekatika. Haifungi tena." Mama akaketi pale pale ngazini, mwiko mapajani. Mumewe ndiye aliyeichukua kufuli, akaitundika tena kwenye nondo, wazi. "Ikae hivyo," akasema. "Tuone kama nitapotea."

Hakupotea. Alichelewa, maana Changamwe ni Changamwe, lakini akifika kona alipiga honi ili mama atenge mbaazi motoni, na majirani wakawa wakiisikia wanampigia kelele: "Mama, kufuli yako imefika!" Na vitu vile vya verandani, watu wakaanza kuvisogelea. Mmoja akaona ufunguo wa mlango wake, mwingine bizimu ya mkanda aliokuwa ameusahau. Walikuja wakichukua na kukaa kidogo, wakipewa shikamoo na kahawa.

Siku moja tulikuwa wawili pale verandani. Mzungu akaishusha ile kufuli, akaibana, kah, ikajifunga kama mpya. Akaingiza waya, ikafunguka. Nikamwambia, "Wewe mzee ni mwongo." Akacheka mpaka akakohoa. "Nimefungua lifti maisha yangu yote," akasema. "Sijawahi kurudi nikawafungia watu ndani."

Alifariki usingizini, na dada yake aliyebaki huko kwao alisema kwa simu tumzike huku huku, kwa kuwa kule hakuna tena anayemjua. Sisi tulikuwa wengi. Dereva alibeba ile fimbo kwa heshima, kama mtu abebavyo picha ya marehemu, na mchungaji alipofika katikati ya sala kidole cha dereva kikagusa kitufe cha kuiwasha. Vishikio vya jeneza vilikuwa vya chuma. Fimbo ikapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, na waombolezaji wote, kwa mazoea, tukainua mikono. Mchungaji naye. Tulisimama hivyo makaburini, mikono juu, tunalia na kucheka, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuagwa Kisauni kwa salamu yake mwenyewe namna ile.

Baada ya mazishi nilikwenda verandani na gunia, maana nyumba haiwezi kukaa na vyuma vya marehemu. Mama wa mahamri akavuka njia. Akasimama mbele ya ile kufuli, akaniuliza bila kunitazama, "Tajiri, wewe ni mtu wa chuma. Kweli haifungi?" Nikaishika. Shaba nzito, safi, springi inacheza chini ya kidole changu kama samaki. Mimi sikusoma, lakini kuhusu chuma sijawahi kusema uongo, ndiyo siri ya utajiri wangu wote. Nikamwambia, "Imekufa, mama. Hii hata mimi siinunui." Akatikisa kichwa. Akaichukua, akaenda nayo kibandani kwake, akaitundika juu ya karai, wazi, na ndipo ilipo mpaka leo.

Nilipotaka kuyaandika haya nilikwenda kumwomba ruhusa, maana magazeti haya ndiyo anayofungia mahamri. Nikakiri kwamba kufuli ni nzima. Akageuza hamri lake. "Nilijua siku ile ile," akasema. "Tangu nikufahamu hujawahi kukataa chuma. Uliposema huinunui, nikajua inafunga." Nikamuuliza mbona hajaifunga basi. Honi ilikuwa imelia konani, akawa anatafuta sufuria ya mbaazi.

Nimejisifu sana katika ukurasa huu kwamba chochote nilichopata nimekishika kwa nguvu, na lango la yadi yangu lina makufuli mengi kuliko duka la sonara. Lakini mzee yule alinifundisha kuuliza kitu kilikuwa nini kabla ya kukitia mzanini, na mama yule amenionyesha kwamba anayerudi nyumbani kila siku ndiye mume, na kufuli ni kilo ya shaba tu. Jioni ile nilifunga yadi mapema kuliko kawaida yangu, nikampigia mke wangu simu nikamwambia nimetoka, niko njiani.

"Kwani kuna nini?" akauliza kwa hofu. "Tumeibiwa?"

Nikamwambia hapana. Atenge mbaazi tu.