Mama Hakuniacha Niiname

Kila nikinusa spiriti ya hospitali, ninarudi kimawazo kijijini kwetu Kibirichia, msimu wa kuvuna viazi, nikiwa mtoto mwenye pamba puani.

Nilikuwa nimefanyiwa upasuaji wa pua mjini, kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nikipumua kwa mdomo. Daktari alimwonya mama kwamba nisiiname, nisipenge kamasi, nisibane chafya wala nisicheze mpira, kidonda kisije kikavuja damu.

Mama aliyashika yote. Alinilaza nikiegemea gunia la maganda ya maharagwe ili kichwa kikae juu. Asubuhi alipiga magoti kwenye baridi, akanivalisha gambuti, viatu vyangu vya mpira, mwenyewe ili nisiiname. Watoto wa jirani walinicheka, mimi niliyekuwa mkubwa hivyo.

Siku moja, pamba ikiwa imeshatolewa, nilikuwa nimeketi kando ya shamba mama akichimba viazi, upepo ulipovuma na kuniletea vumbi usoni. Nilihisi chafya inakuja, nikaibana pua kwa vidole.

"Wewe! Usibane!" Mama alitupa jembe, akanikimbilia akikanyaga viazi. "Fungua mdomo! Fungua kabisa!"

Nikafungua. Chafya ikatokea mdomoni, ikamlowesha uso mzima. Hakujipangusa. Aliniinua kidevu, akachungulia tundu moja la pua, kisha la pili.

"Unasikia uchungu?"

"Hapana, mama."

"Hakuna damu," akasema polepole. Akaketi kwenye udongo, akanivuta kifuani, akicheka huku machozi yakimtoka. "Asante Mungu. Hakuna damu."