Handaki Lililobaki Nje ya Orodha

Nilikuwa mwalimu wa historia karibu na Manyatta wakati ofisi ya wilaya iliponiweka kwenye kamati ya kuchagua mahali pa kale pa kuhifadhiwa. Tuliambiwa tuchague pawili tu. Tulizunguka siku tatu, tukaona kanisa la mawe la wamishonari, msitu mdogo wa matambiko, na mwishoni handaki lililozunguka kijiji ambamo watu walifungiwa siku za Hali ya Hatari ya wakoloni. Lilikuwa limejaa magugu na mbuzi walikuwa wakila ndani yake.

"Mwalimu, mgeni akija hapa tutamwonyesha nini?" afisa wa wilaya aliniuliza.

Nilijua mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake waliolazimishwa kulichimba. Niliogopa kuambiwa napendelea mambo ya kwetu. Nikasema, "Hakuna kitu." Likakatwa kwenye orodha.

Jioni nilimweleza mama huku akimenya viazi. Aliuliza tumeamua nini, nikamwambia kanisa na msitu.

"Na lile shimo letu?"

"Mama, ni shimo tu. Limefukiwa nusu."

Akaweka kisu chini. "Dada yako alifia pale."

Sikuwahi kusikia kwamba nilikuwa na dada.

"Tulikuwa tunawalaza watoto ukingoni tukichimba. Ilinyesha tangu asubuhi. Askari alinikataza kutoka kumnyonyesha. Niliporuhusiwa, alikuwa ameshapoa. Tulimzika hapo hapo, kwa jembe lile lile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

Kesho yake nilikwenda ofisini mapema. Afisa alinisikiliza kwa heshima, akasema karatasi zimeshaenda Nairobi. Niliandika barua mbili, sikujibiwa. Kabla ya mvua za Aprili, tingatinga lilikuja kusawazisha ardhi pale ili kijengwe kituo cha kukusanyia majani chai.

Mama aliniomba nimpeleke. Alivaa nguo zake za kanisani. Udongo ulikuwa mwekundu, laini, sawa kila upande. Alitembea hadi katikati, akasimama, akageuka, akaenda hatua chache upande wa mto, akarudi.

"Kulikuwa na mti wa muringa," alisema. "Nilikuwa nahesabu hatua kutoka kwa muringa."

Mti haukuwepo. Nilimuuliza kama tuweke jiwe mahali popote, hata kwa kukisia. Alikataa. Alisema hawezi kumwekea mwanawe jiwe mahali ambapo hayupo. Tukarudi nyumbani, na hadi alipofariki hakunitajia tena jambo hilo.